Plake Tulizozisaga Kasulo

Nilifika Kasulo, mtaa wa Kolwezi, wakati watu walikuwa wanatoka. Ukuta wa kampuni ya mgodi ulikuwa unajengwa kuzunguka upande mmoja wa mtaa, na nyumba zilizobaki ndani yake zilikuwa zimepigwa alama ya rangi nyekundu. Waliohamishwa waliondoka na kila kilichong'oleka: mabati, milango, fremu za madirisha, na plake. Plake ndilo jina letu la paneli za jua. Bwawa la Nzilo haliko mbali, na nyaya zake nene zinapita juu ya vichwa kwenda migodini, lakini nyumba nyingi za Kasulo hazikuwahi kupata umeme wake. Kwa hiyo kila aliyepata chochote katika mawe alinunua plake, akaifunga juu ya bati, akawasha taa na kuchaji simu za majirani. Siku za kuhama zilipofika, plake zilikuwa zimeegemezwa kila mahali barabarani, nzima na zilizopasuka, na kila mtu alikuwa anauza na hakuna aliyekuwa ananunua.

Mimi nilikuwa nimetoka Likasi. Kabla ya hapo nilipakia malori Kasumbalesa, na kabla ya hapo nilikuwa mahali pengine. Shule niliiacha mapema, na tangu wakati huo nimekuwa mtu wa kuhama na kuuliza maswali. Kolwezi nilikuja kwa ajili ya mawe meusi, yale yenye kobalti, kama wengine wote, na nilichelewa kama wengine wengi. Bei ilikuwa imeanguka. Machimbo tuliyozoea kuingia kwa kuacha kitu kidogo langoni yalifungwa, na asubuhi moja askari walitutoa kwa virungu, wakipiga risasi hewani. Tuliacha majembe na viatu. Tuliacha hata maharage yakiwa jikoni, na harufu yake ilitufuata mpaka barabara kubwa.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, nyumba ya mwisho kabla ya kijito, nje ya ukuta. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini. Yeye mwenyewe alizaliwa Kolwezi, na Kiswahili chake kilikuwa cha hapa kuliko changu. Miaka ile ya kuwafukuza watu wa Kasai kutoka Katanga alipakiwa kwenye treni pamoja na mume wake, na mume hakufika. Aliishi huko alikopelekwa kwa muda, halafu akarudi. Nilipomuuliza kwa nini alirudi mahali walipomfukuza, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua.

"Kule ni kwa babu yangu," alisema. "Mi sikujua hata njia ya kwenda ku mayi ya kunywa."

Kazi yake ilikuwa mihogo. Kando ya kijito alikuwa amechimba madimbwi na kuyazungushia mawe, na maji yaliingia humo polepole kupitia mfereji mwembamba aliousafisha kila asubuhi. Humo alilowesha mihogo mpaka ilainike na kutoa ile harufu kali ambayo mgeni huikimbia na ambayo humtia mwenyeji njaa. Kisha aliimenya, akaivunjavunja, akaianika juu ya turubai, akaipeleka kwenye kinu. Unga wake wa bukari, ugali wa huku, ulikuwa mweupe, hauna mchanga. Watu walitoka mpaka mtaa wa Dilala kwa pikipiki kuufuata. Hakuwa na kitu kingine. Shamba hakuwa nalo. Mihogo aliinunua mibichi. Alichokuwa nacho ni yale madimbwi, na jina kwamba unga wake hausagi meno.

Kundi letu la wachimbaji lilivunjika baada ya kufukuzwa, tukabaki wachache na bosi wetu. Bosi wa shimo kila mtu alimwita pedeje, kama mkurugenzi wa kampuni, hata akiwa amevaa kandambili. Wetu alikuwa mtu wa kaskazini ya Katanga, mwimbaji katika kwaya ya Waprotestanti, mpole, mwepesi wa kugawa chakula. Yeye ndiye aliyeona plake zile barabarani na kupata wazo.

Aliniita, akainua moja iliyopasuka, akaigeuza kwenye mwanga.

"Angalia hii rangi. Unaijua?"

"Inafanana na mawe yetu."

"Haifanane. Njo yenyewe! Banabeba mawe meusi, banaipika kule kwabo, banaikata mwembamba kama karatasi, kisha banatuuzisha. Sasa sisi tutairudisha kuwa mawe."

"Na kama ni jiwe, juu ya nini inaleta moto wa taa?"

"Weye, kila kitu juu ya nini, juu ya nini! Ungebaki ku masomo ungekuwa minista." Wenzetu walicheka, naye akaendelea kwa upole. "Jiwe yenye nguvu inaleta moto. Hautaki kusaga, kaa hapo ulize maulizo."

Leo ni rahisi kumcheka. Lakini fikiria mtu ambaye maisha yake yote ameona mawe meusi yakiondoka kwa malori na hajawahi kuona yanakogeuka kitu. Tuliambiwa yanakwenda kutengeneza umeme wa kisasa. Halafu tukaletewa kitu cheusi, chembamba, kinachotoa umeme. Hakuna aliyetuonyesha hatua za katikati. Pedeje alizijaza mwenyewe kwa alichokijua, na alichokijua ni mawe.

Kwa hiyo tulizikusanya plake kwa bei ya kutupa, tukazifanyia kazi ya mawe. Kwanza tulitoa fremu za alumini, na hizo zilikwenda vizuri: wafua sufuria walizichukua, wakaziyeyusha na kuzimimina kwenye udongo, na kabla ya wiki kwisha niliona sufuria mpya sokoni ambazo juzi zilikuwa kingo za plake. Nyaya za shaba nazo zilipata mnunuzi siku hiyohiyo. Hadi hapo sikuwa na neno. Alumini ile haikuhitaji kuchimbwa upya wala kusafirishwa kutoka mbali. Moto mdogo wa makaa uliipa maisha ya pili.

Kilichobaki ndicho kikubwa: kioo, na nyuma yake zile karatasi nyeusi zilizobanwa kati ya plastiki mbili. Kioo kilipasuka kuwa punje lakini hakikuachia, maana plastiki ilikishika. Tukazichoma ndani ya mapipa. Moshi wake ulikuwa mzito na mtamu kwa namna mbaya, na ulikaa kwenye nguo hata baada ya kufuliwa. Tulichokitoa kwenye mapipa tulikiponda kwa nyundo, tukakichekecha kwa wavu wa mbu, tayari kwa kuoshwa kijitoni, kama tulivyoosha mawe siku zote: unayumbisha chekeche ndani ya maji, chepesi kinakwenda, kizito kinabaki.

Nilikuwa na balbu ndogo ya pikipiki. Kabla ya kuponda, nilianza kugusisha nyaya zake kwenye plake moja moja zilizoegemezwa juani, kwa kutaka kujua tu. Nyingi ziliwaka. Hata yenye ufa mrefu kutoka kona hadi kona iliwaka, hafifu, lakini iliwaka. Nilimwita pedeje.

"Hii iko inaishi."

"Inaishi, ee. Utaiuzisha nani? Kila mutu anashusha yake ku bati."

"Lakini kuiua..."

"Taa inaliwa? Nipe nyundo."

Alikuwa na haki kuhusu soko. Wanaofukuzwa hawanunui taa. Lakini jambo lile lilinikaa kichwani na bado limo. Nimeuliza watu wengi tangu hapo, mafundi wa plake, madereva wa malori, kila aliyekuwa tayari kunijibu, na nilichoelewa ni hiki. Plake haizaliwi safi. Kabla haijafika juu ya bati, mahali fulani kumechimbwa, kumeyeyushwa, kumechomwa makaa mengi, meli na malori yamekunywa mafuta. Inalipia moshi huo polepole, jua baada ya jua, kwa kutoa umeme usio na moshi. Ikiachwa ifanye kazi miaka yake, inalipia na kuzidisha. Ukiiponda mapema, ule moshi wa mwanzo umechomwa bure, na unaongeza wa kwako. Na hata iliyokufa kweli ina njia yake: kioo kinaweza kuyeyushwa tena, na ule weusi unaweza kutengwa kwa mashine. Mashine hiyo Kolwezi hatukuwa nayo. Tulikuwa na pipa, nyundo na kijito.

Siku tuliyobeba magunia ya kwanza kwenda kuosha, mama mwenye nyumba yangu alikuwa ndani ya maji hadi magoti, anageuza mihogo. Aliona machekeche yetu akasimama wima.

"Tata," alimwambia pedeje, kwa jina la heshima la baba, ingawa yeye mama ndiye aliyekuwa mkubwa, "kazi ni kazi, sikatazi mutu. Lakini mukasafishie kule chini. Hapa juu hapana."

"Mama, usiogope. Mayi yako haitapata kitu. Tutaenda chini."

"Unaniahidi?"

"Mbele ya Mungu."

Na alimaanisha. Tulikwenda chini ya madimbwi, tukaosha huko siku za mwanzo. Lakini ilikuwa kiangazi, kijito kilikuwa kinapungua, na kidogo kilichopita kiliingia kwanza katika mfereji wa mama. Chini yake kilibaki tope. Ukiyumbisha chekeche katika tope, kizito na chepesi vinashikana, hakuna kinachotengana. Pedeje alisimama akiangalia, akitikisa kichwa. Halafu, bila kusema kitu kwa mtu yeyote, alichukua chekeche na kupanda juu, nyuma ya matete, ambapo maji yalikuwa bado yanatembea. Tulimfuata. Alikuwa anatulisha.

Maji yaligeuka rangi ya kijivu inayometameta. Ilikuwa nzuri kuitazama. Ikateremka polepole, ikaingia mferejini, na mahali maji yanapotulia, ndipo uchafu wote unapokaa. Madimbwi ya mama yalikuwa yamechimbwa ili maji yatulie.

Unga uliotokana na mihogo ile ulitoka kinuni ukiwa mweupe kama kawaida. Siku iliyofuata jirani mmoja, mama wa watoto wengi aliyekuwa mteja wake wa kudumu, alikuja akiwa ameshika sahani ya bukari iliyofunikwa kwa kitambaa. Aliiweka chini mbele ya mlango na kuifunua.

"Kula."

"Karibu kwanza, ukae," mama alisema.

"Sikai. Kula, nikuone."

Mama alimega tonge dogo, akatia mdomoni, akatafuna. Nilikuwa nimekaa hapo nje nikishona kiatu, na nilisikia mlio wa meno yakisaga kitu kigumu. Alitema kiganjani na kupeleka kiganja juani. Kulikuwa na punje ndogo zinazong'aa, na damu kidogo.

"Uliniwekea nini mu bunga? Mutoto wangu analia tangu asubuhi, kinywa yote inatoka damu!"

"Mi sijue. Kweli, dada, mi sijue."

"Haujue? Bunga ni yako, kinu unaenda weye mwenyewe. Nani anajua?"

Watu walianza kusogea. Mwanamume mmoja aliyepita na baiskeli alisimama na kusema, kwa sauti ya mtu anayetania, kwamba Wakasai hawakusahau ile treni, sasa wanalipiza kwa kijiko. Wengine walicheka. Mama aliangalia kiganja chake, kisha akaangalia kijito, kisha mimi. Nguo zangu zilinuka moshi wa plake, na ule mng'ao ulikuwa umeshika mpaka kwenye nywele za mikono yangu.

"Muko munasafishia wapi?" aliniuliza.

Nilimwambia.

Alikwenda mwenyewe mpaka nyuma ya matete. Pedeje alikuwa anayumbisha chekeche, anaimba. Alipomwona alinyamaza na kutoka majini. Sikuwahi kumwona mtu mzima akisimama vile mbele ya mwanamke, mikono nyuma. Mama hakupaza sauti.

"Uliniahidi mbele ya Mungu."

"Mama, chini hakuna mayi."

"Ungekuja kuniambia."

"Ungekatala."

"Ndiyo. Ningekatala."

Pedeje alisimamisha kazi hapohapo. Hilo ninalikumbuka kwa heshima yake. Tukachukua magunia tuliyokwisha kuosha na kuyapeleka kwa mnunuzi wa mawe, kibanda cha turubai kando ya barabara, ambako kuna kile kifaa kama bastola wanachokielekeza kwenye mawe nacho kinasema ndani mna madini gani. Mimi nilibeba pia vifuko viwili vidogo vya unga wa mama. Kimoja cha unga wa zamani, aliobakiza kwa matumizi yake kabla hatujapanda juu. Kingine cha unga mpya.

Kijana wa kifaa alikielekeza kwenye gunia letu, akasoma, akakielekeza tena mahali pengine, akaangua kicheko.

"Pedeje, mulisaga dirisha ya nani?"

"Soma vizuri."

"Nasoma. Kobalti, hakuna kitu. Hii ni muchanga, tata. Muchanga safi kabisa. Iko na risasi kidogo, ile ya mu betri, na feza kidogo sana, haifiki kitu. Mulichoma kuni kwa kutafuta muchanga?"

Pedeje alikaa juu ya gunia lake. Baadaye nilielewa jinsi ilivyo: ule weusi unatengenezwa kwa mchanga, mchanga uliopikwa na kusafishwa kwa moto mkali kuliko wowote tunaoujua. Ile risasi ilikuwa katika uchomeleaji wa nyuzi nyembamba zinazopita juu yake. Sisi tulikuwa tumeutoa mchanga nje ya kazi yake na kuurudisha kuwa mchanga, na risasi tumeiacha huru.

Nilimpa kijana vile vifuko viwili.

"Hii nini? Leo unaniletea bukari, mboga iko wapi?"

"Pima tu, ndugu yangu."

Alipima kwa mzaha. Unga wa zamani ulionyesha shaba kidogo. Kila kitu hapa kina shaba kidogo, nadhani hata sisi. Unga mpya ulionyesha shaba ileile, na risasi. Mzaha ukamwisha.

"Mashini hii ni ya mawe," alisema. "Haiko ya chakula. Usiiamini sana." Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Banauzisha wapi hii bunga? Bibi yangu ananunua kwa mama moja kule Kasulo."

Nilirudi kwa mama na kumwambia yote, pamoja na kwamba kifaa si cha chakula. Nilifikiri atanikasirikia au atalia. Aliuliza maswali, moja baada ya jingine, kama mimi ninavyouliza. Risasi inanuka? Hainuki. Inaonekana? Haionekani. Ukichemsha inatoka? Haitoki. Ukiosha mihogo mara nyingi? Sijui, mama. Na vile vioo vikichekechwa? Vioo labda. Risasi, sijui.

Alikuwa na mihogo yote ya mtaji wake ndani ya madimbwi, imelainika, tayari kutolewa. Na ndani kulikuwa na magunia ya unga ambao wateja wa Dilala walikuwa bado hawajasikia habari yake. Angeweza kuupeleka huko kesho yake. Nilimwona akiufikiria. Aliingia ndani, akakaa kwenye kigoda karibu na magunia, akaweka mkono juu ya moja lao kama unavyomshika mtoto mwenye homa.

Asubuhi aliyatoa yote, akayamwaga shimoni nyuma ya nyumba. Nilimsaidia kubeba. Halafu akatoa mihogo madimbwini, kapu baada ya kapu, akaimwaga humohumo, tukafukia.

Majirani walitazama. Jirani yule wa sahani alisema kwa sauti ili kila mtu asikie:

"Munaona? Kama haikuwa mubaya, juu ya nini anaimwanga?"

Hapo ndipo nilipojaribu kueleza. Nilisema ni plake, nikasema ni sisi, nikaonyesha majivu kwenye mapipa. Pedeje mwenyewe alikuja, akavua kofia, akasema mbele ya watu kosa ni lake na mama hana neno. Walimsikiliza kwa adabu. Lakini plake ni kitu chema, kila mtu alikuwa nayo, ilimulika watoto wakisoma. Nani angeamini kwamba inatia sumu? Mama wa Kasai anayetia sumu, hilo lilikuwa limeaminiwa kabla sijazaliwa. Hakuna aliyemgusa, wala aliyemfukuza kwa mdomo. Waliacha tu kununua, waliacha kusalimia, na watoto wao waliambiwa wasipite karibu na mlango wake.

Hatukujua pa kupeleka vumbi lile. Mashimo ya Kasulo yote yalikuwa na wenyewe au yalikuwa nyuma ya ukuta, na la nyuma ya nyumba lilikuwa limejaa mihogo. Magunia, hata yale tuliyorudisha kutoka kwa mnunuzi, yalibaki kando ya matete, na mvua ya kwanza ikayakuta hapo. Kundi letu lilitawanyika. Pedeje alisikia kuna shimo jipya upande mwingine, akaenda, akaniacha na sahani ya wali aliyonigawia kwenye njia panda.

Mama alifukia madimbwi kwa jembe, moja baada ya jingine, akayang'oa mawe ya kingo ili asije mtu mwingine akaona mahali pazuri na kulowesha humo. Kisha alihamia Dilala, chumba kimoja katika zile nyumba za zamani za kampuni, kwa ndugu wa kanisani. Maji ya pale ni ya bomba, yakija. Hakuna pa kuchimba dimbwi.

Nilimtembelea kabla sijaondoka Kolwezi. Alikuwa amekaa sokoni nyuma ya beseni la unga. Nilifurahi, nikafikiri amepata kijito kingine. Mteja mmoja, mama kijana mwenye mtoto mgongoni, alichukua unga kati ya vidole, akausugua, akaunusa.

"Mama, hii bunga ulilowesha wapi?"

"Mi sikulowesha. Nanunua kwa batu ba lori, iko imesagwa tayari."

"Na bale, mayi yabo iko wapi?"

Mama alipitisha kiganja juu ya beseni, mpaka unga ukawa sawasawa.

"Mi sijue, mwanangu," alisema. "Sikuiona."

Mama kijana alisita kidogo, kisha akafungua mfuko wake ili ajaziwe.